Taa za Gari Zenye Ukungu: Mradi kwa Kijana Mwaminifu

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari za taa za gari. Usizime redio kwa kuwa huna gari. Mazungumzo haya yanamhusu zaidi kijana anayetafuta mradi mdogo wa jioni na wa Jumamosi, na yanamhusu kila atembeaye kwa miguu kando ya barabara usiku.

Nianze na kisa changu. Siku moja nilisimama Bomang'ombe, pale njia ya Sanya Juu inapoachana na barabara kuu ya Moshi na Arusha, ninunue ndizi. Kijana mmoja akanijia na kitambaa na dawa ya meno mkononi. "Shikamoo mzee. Taa zako zina ukungu, nikung'arishie?" Tukapatana bei. Baada ya robo saa taa ziling'aa kama zimetoka dukani, nami nikalipa kwa furaha.

Haikupita miezi miwili zikarudia unjano wake, tena kupita mwanzo. Usiku mmoja nikirudi Moshi, karibu na Kwa Sadala, nilimwona mtu anayekokota baiskeli yenye mzigo wa majani ya ng'ombe wakati nimeshamfikia kabisa. Nikakata usukani, Mungu akasaidia. Yule bwana alinitukana, na alikuwa na haki.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi rangi mmoja, nikamwuliza ukungu ule unatoka wapi. Zamani, akasema, Land Rover na Peugeot 504 zilikuwa na taa za kioo halisi. Kioo huvunjika, lakini hakifanyi ukungu. Siku hizi tunasema "kioo cha taa" kwa mazoea tu. Kile ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Huko Marekani sheria ilibadilishwa mwaka 1983 kuruhusu taa za namna hii, na watengenezaji wa nchi nyingine nao wakazifuata, maana ni nyepesi na hufinyangwa umbo lolote.

Plastiki hiyo ina adui, nayo ni mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Ndiyo maana kiwandani huivika ngozi nyembamba ya kuikinga. Miaka ikipita, jua na mchanga wa barabarani huila ngozi ile, na plastiki yenyewe huanza kuungua na kuwa njano. Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, na magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika miaka kadhaa. Basi usishangae kuona Noah au IST yenye macho kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Wala si suala la urembo. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa kikakuta zinatoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya.

Sasa utaona kosa la dawa ya meno. Inakwangua uchafu wa juu, taa inang'aa, lakini inabaki uchi mbele ya jua.

Kazi yenyewe inataka subira. Osha taa, kisha bandika utepe wa karatasi pembeni usije ukaharibu rangi ya gari. Chukua msasa wa maji namba 800, usugue huku ukimwagia maji muda wote. Mwanzoni maji hutoka ya njano. Yakianza kuwa meupe, ujue ngozi mbovu imekwisha. Fuata na namba 1500, halafu 2000, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya uliotangulia. Ng'arisha kwa dawa ya kung'arishia rangi ya gari, kisha ufute kwa spiriti. Mwisho pulizia klia ya magari inayokinga jua, mara mbili, nyepesi nyepesi. Vaa barakoa ya wapiga rangi, kwa sababu klia ya kuchanganya ina sumu inayodhuru mapafu. Vanishi ya mbao usiiguse, itapasuka.

Kuna kazi za kukataa pia. Ukungu ukiwa ndani ya taa, au kioo kimepasuka, msasa wa nje hausaidii kitu. Mwambie mwenye gari ukweli huo kabla hujapokea hata senti.

Upande wa fedha, hesabu si ngumu. Tuseme vifaa vya gari moja vinakula shilingi 8,000, nawe unatoza 25,000. Inabaki 17,000 kwa kazi ya saa mbili. Yule wa dawa ya meno hatumii hata shilingi 1,000, na siku ya kwanza atakucheka. Lakini Bomang'ombe ni mji mdogo. Madereva wanaokunywa chai kibanda kimoja husimuliana, na mteja aliyedanganywa mara moja anakuharibia kumi.

Nilimrudia yule kijana. Sikumkuta mtu wa kukimbia. Aliniambia, "Mzee, nisamehe. Hakuna aliyenionyesha zaidi ya hapo." Nikampeleka kwa fundi rangi. Leo anafanyia kazi nyuma ya gereji ile, na ana daftari. Ndani yake ameandika namba ya kila gari na tarehe aliyolishughulikia, naye humwambia mteja apite baada ya miezi sita, aitazame klia bila malipo. Akifanya kazi huanza na taa moja, kisha humwita mwenye gari alinganishe na ya pili.

Ndugu msikilizaji, mtaji mkubwa wa mradi huu si msasa wala klia, ni lile daftari. Kung'arisha taa ili gari lipendeze mchana kila mtu anaweza. Anayetafuta riziki ya kudumu ajiulize iwapo kazi yake itamwonyesha dereva, miezi sita baadaye, mtu anayekokota baiskeli gizani. Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.