Vyombo vya Mnada wa Kimya kwa Gharama Ndogo

Katika Kenya watu wameizoea harambee, ambamo mchango hutolewa hadharani na jina la mtoaji hutangazwa kwa sauti. Mnada wa kimya, ulio wa kawaida Marekani na Uingereza, ni njia nyingine ya kuchangisha fedha. Hauna dalali. Vitu vilivyotolewa bure na wahisani hupangwa mezani, na kando ya kila kimoja huwekwa karatasi. Anayekitaka kitu huandika jina lake na bei. Mwingine akikitaka zaidi, huandika chini yake bei kubwa kuliko hiyo. Saa iliyowekwa ikifika karatasi hukusanywa, na mwenye bei ya juu ndiye mnunuzi.

Kwa kuwa hakuna dalali wa kuisifu bidhaa, hapana budi meza yenyewe iisifu. Kiondo kizuri kikitupwa kati ya vitu vingine juu ya meza tupu, watu hukipita. Hata hivyo mapambo nayo hula fedha. Kikundi kikikodi vitambaa na vishikizo kwa shilingi 12,000, na mnada ukaleta shilingi 60,000, sehemu moja katika tano ya karo za watoto imekwisha kuondoka, na mwaka ujao itaondoka tena. Yafaa zaidi kuazima kwanza, kisha kununua kidogo kidogo vile visivyoazimika, na kuvitunza.

Kitambaa cha meza ndicho cha kwanza. Meza yenye urefu wa sentimita 180, upana wa 75 na kimo cha 75 yahitaji kitambaa cha sentimita 330 kwa 150, ili kifike chini mbele na pande zote mbili. Nyuma hakuna atazamaye. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hakihitaji kuungwa, ila kuongezwa kidogo kwa ajili ya pindo. Marikani iliyotiwa rangi moja ya giza yatosha kabisa. (Nguo hiyo ilipata jina lake kwa kuwa ililetwa Unguja kutoka Marekani katika karne ya 19.) Kanga yenye maua mengi, ijapokuwa nzuri, huvuta macho yakaacha bidhaa, heri itumike kufungia zawadi.

Vitu vyote vikiwa sawa kwa kimo, vya nyuma havionekani. Masanduku ya mbao ya nyanya au kreti za soda, zikifichwa chini ya kitambaa, hufanya ngazi nzuri bila gharama kubwa. Masanduku yapigwe msasa kwanza, kwani msumari mmoja hupasua kitambaa cha miaka mitatu.

Karatasi za bei hazina budi kusimama imara. Fremu kuukuu za picha, ambazo hupatikana rahisi katika masoko ya mitumba kama Gikomba, hushika vizuri kadi yenye jina la kitu, mtoaji wake na thamani yake. Karatasi yenyewe ibanwe juu ya kipande cha ubao, na kalamu ifungwe kwa uzi. Kalamu isiyofungwa huondoka na mwandishi wa kwanza, na wa pili akikosa kalamu hakuna bei inayopanda. Kwa kitu cha thamani ya shilingi 3,000, yaweza kuandikwa kwamba bei ianze 1,000, na kila anayeongeza aongeze si chini ya 200.

Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017. Kwa hiyo zawadi ndogo ndogo zikusanywe pamoja ndani ya kikapu, ambacho nacho ni sehemu ya bidhaa.

Mnada ukiisha, vitambaa vifuliwe na kukaushwa sana kabla ya kukunjwa, kisha vitiwe katika sanduku la bati, kama lile la wanafunzi wa bweni, pamoja na majani makavu ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Ndani ya kifuniko ibandikwe orodha ya vyote vilivyomo. Kikundi cha jirani kikiazima sanduku, vitu vihesabiwe kwa orodha hiyo siku ya kutoka na siku ya kurudi, mbele ya watu wa pande zote mbili, nao watie sahihi.