Gitega na Muyinga: Safari ndefu ya hospitali za mikoani

Kwa mama mjamzito anayeishi kilimani, mbali na mji wa Muyinga, haitoshi kujua kwamba hospitali ipo. Anahitaji pia kufika kwa wakati, na kuruhusiwa kurudi nyumbani bila deni. Historia ya hospitali za mikoani nchini Burundi imezunguka mambo hayo mawili: umbali na gharama.

Tiba ya kisasa ilifuata njia za wamisionari na watawala. Mapadri Weupe walifika Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899, na mwaka 1912 Wajerumani wakaifanya Gitega kuwa kituo chao cha utawala. Wakati wa Wabelgiji, Waanglikana walianzisha misheni ya Buhiga mwaka 1935, kwenye njia iendayo Muyinga, nao Wamethodisti Huru wakajenga hospitali huko Kibuye, kusini mwa Gitega. Aliyeishi mbali na vituo hivyo alibebwa mabegani kwa ingobyi, machela ya kienyeji, akivushwa mlima baada ya mlima.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, serikali ilichukua jukumu la afya ya umma. Lakini vita vilivyoanza mwaka 1993 viliidhoofisha kazi hiyo, na mwaka 2002 wagonjwa walianza kutozwa gharama za matibabu katika vituo vya serikali. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi hospitali kadhaa nchini zilivyowazuia wagonjwa walioshindwa kulipa, wakiwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Walikuwa wamepona, lakini hawakuruhusiwa kutoka.

Mabadiliko ya mwaka 2006

Tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wanawake wanaojifungua. Wodi zilifurika mara moja, huku dawa na wauguzi wakiwa wachache.

Ndipo mwaka 2010 serikali ikaunganisha huduma hiyo ya bure na mfumo wa malipo kwa matokeo katika nchi nzima. Kituo huorodhesha huduma kilizotoa, wakaguzi huhakiki hesabu na ubora, kisha hulipwa kwa kazi iliyothibitishwa. Kwa wengine, ipo kadi ya msaada wa matibabu, inayobeba sehemu kubwa ya gharama.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha matokeo. Uchunguzi wa mwaka 2010 ulikadiria vifo 500 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2016-2017 ulikadiria 334. Waliojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 60 hadi 84.

Mwaka huohuo wa 2010, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua mjini Gitega kituo cha Urumuri, yaani Mwangaza, kutibu fistula bila malipo. Jeraha hilo hutokana na uchungu wa muda mrefu usiopata msaada, na humwacha mwanamke akivuja mkojo, mara nyingi akitengwa na jamaa zake. Aghalabu ni alama ya kuchelewa njiani.

Kinachobaki

Sasa mikoa 18 imepunguzwa kuwa mitano. Muyinga imo katika Buhumuza, ambao makao yake ni Cankuzo, ilhali mkoa wa Gitega umezijumuisha Karuzi, Muramvya na Mwaro. Mipaka imehama, lakini hospitali ziko palepale, na utaratibu ni uleule: mgonjwa huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na akihitaji zaidi, hospitali kubwa.

Utaratibu huo huokoa maisha pale tu gari la wagonjwa linapopatikana na daktari wa upasuaji anapokuwepo usiku. Ukuaji wa hospitali za Gitega na Muyinga utapimwa hapo, si kwa idadi ya majengo peke yake.