Breki za gari la umeme zinalia? Soma kabla hujanunua pedi

Mimi napeleka oda kwa gari dogo la umeme, na wauzaji wenzangu wananiuliza sana: mbona breki zinalia asubuhi?

Mara nyingi ni kutu tu. Ukitoa mguu kwenye eksileta, mota inageuka jenereta: inapunguza mwendo na kurudisha chaji kwenye betri. Pedi zinafanya kazi kidogo, hivyo haziishi haraka, ila mvua ikinyesha diski zinashika kutu.

Ninachofanya:

1. Kila wiki, barabara ikiwa tupu, nakanyaga breki kwa nguvu kiasi mara 3 au 4. Gari langu likiwa kwenye N, breki za kawaida ndizo zinashika. La kwako, soma kitabu chake kwanza.

2. Kila mwaka fundi anafungua, anasafisha na kupaka grisi pini za kalipa zisigande.

3. Mafuta ya breki yananyonya unyevu hata gari lisipotembea sana. Magari mengi ni kubadilisha kila miaka 2.

Ukisikia chuma kinakwaruza chuma na hakiachi, usipeleke mzigo. Mpigie mteja, omba kesho, nenda kwa fundi.

Mtumie mwenzako mwenye gari la umeme.