Uru mbili zinazoficha kopa na shupaza

WACHEZAJI wa briji hutatizika mpinzani anapofungua mnada kwa ‘uru mbili’, mbinu iliyoenezwa na Waingereza Terence Reese na Jeremy Flint.

Aghalabu tamko hilo halihusu uru hata kidogo. Huficha karata sita za kopa au za shupaza katika mkono dhaifu. Mara chache huwa mkono wenye nguvu nyingi.

Katika utaratibu mmoja wa kujilinda, mwenye pointi 13 hadi 15 zilizosawazika hutangaza maradufu. Mwenye karata fupi za kopa hupita kwanza, kopa zikafichuka ndipo atangaze maradufu, akimtaka mwenzake ataje aina yake. Kungoja kuna hatari: msaidizi wa mfunguzi akiwa na uru tele hunyamaza, na mnada waweza kufia hapo.