"Mama, Leo Mmepika Nini Kazini?"

Binti yangu wa miaka minane huniuliza hivyo nikirudi alfajiri, kwa sababu nguo zangu hunuka plastiki ya moto. Hajakosea sana. Huu ni mwaka wa sita hapa Leicester, Uingereza, na kazi yangu ni kupika plastiki.

Mashine yetu ni kama bomba kubwa la sindano lililolazwa. Juu kuna faneli ya kumiminia chembe za plastiki, ndogo kama punje za mchele. Chembe hushuka kwenye silinda yenye moto, ambamo parafujo ndefu inazunguka ikizisukuma mbele. Joto na msuguano huzigeuza uji mzito; nailoni hutaka zaidi ya nyuzi 220 za Selsiasi. Kisha parafujo yenyewe husonga mbele na kuusindilia uji ndani ya kalibu.

Kalibu ni vipande viwili vya chuma vilivyobanwa kwa nguvu ya tani nyingi, na ndani yake hupita maji ya kupoza. Kupoa ndiko huchukua muda mrefu zaidi. Plastiki ikishaganda, kalibu hufunguka na vijiti vya chuma husukuma kitu nje. Kalibu ni ghali mno, kwa hiyo huwezi kuichonga kwa ajili ya vitu kumi. Hufaa kwa maelfu: vifuniko vya chupa, mabomba ya sindano, plagi, dashibodi za magari, hata vile viti vya plastiki tunavyokalia harusini kwetu Mombasa.

Lakini nailoni ina tabia moja: hunyonya unyevu wa hewani. Isipokaushwa kwa saa kadhaa kabla ya kuyeyushwa, maji huivunja ndani kwa ndani. Kitu hutoka na michirizi ya rangi ya fedha, na huwa dhaifu.

Mwaka wangu wa kwanza, usiku mmoja, niliiona michirizi hiyo kwenye vifungio vya mikanda ya viti vya watoto vya gari. Kikaushio kilikuwa kimezimika. Msimamizi wa zamu akasema niendelee, hesabu haijatimia. Nilikuwa bado kwenye majaribio, na nyumbani karo ya mdogo wangu ilikuwa ikinisubiri. Nikachukua kifungio kimoja, nikakikunja. Kikakatika mkononi kama biskuti. Binti yangu alikuwa na miaka miwili, na kila asubuhi nilimfunga kwa kifungio kama kile.

Nikasimamisha mashine. Msimamizi akafoka, nikamwekea vipande mezani. Asubuhi mkaguzi wa ubora akaagiza masanduku yote ya usiku ule yatupwe. Hakuna aliyenishukuru, lakini sikufukuzwa.

Leo jioni, wazazi wenzangu, pindueni bakuli la plastiki pamoja na watoto. Tafuteni kidoa kidogo katikati: hapo ndipo uji ulipoingilia. Viduara ni alama za vile vijiti, na mstari mwembamba ni pale vipande vya kalibu vilipokutana. Binti yangu huviona kabla yangu.

Kisha kagueni kifungio cha kiti cha mtoto garini. Kikiwa na ufa, msikigundishe kwa gundi. Kibadilisheni.