Elimu ya Mtandao Ivuke Maji

Tarehe 17 Machi, 2020, Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule ili kuzuia ugonjwa wa korona. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Shule nyingine zikangoja hadi tarehe 29 Juni. Katika muda huo masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na intaneti. Hatua hiyo ilikuwa ya busara. Hata hivyo ilidhihirisha jambo ambalo hatuna budi kulisema waziwazi: kumweka mwalimu hewani si sawa na kumfikisha kwa mwanafunzi.

Wilaya ya Muleba si nchi kavu peke yake. Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe na Mazinga ni kata za visiwani. Kijana wa Bukoba mjini akiishiwa kifurushi, huenda akapata msaada kwa jirani. Kijana wa kisiwani, ambaye nyumbani kwao simu ni moja tu na baba huondoka nayo usiku kwenda kuvua dagaa, atasoma kwa kitu gani? Tusimwite mvivu mtoto ambaye somo halikumfikia.

Taifa letu lina uzoefu katika jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kusikiliza redio. Hawakuachwa kila mtu na redio yake. Walikaa katika vikundi, wakiwa na vitabu na viongozi waliofunzwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kiliweka vituo mikoani, ili anayesoma akiwa mbali apate mahali pa kuuliza.

Twawashauri viongozi wa Mkoa wa Kagera na Halmashauri ya Muleba wafuate njia hiyo. Kila kata ya kisiwani itengewe chumba kimoja shuleni, chenye umeme wa jua na kompyuta chache zilizokwisha kuhifadhiwa masomo, ili mtandao ukikatika kazi isisimame. Awepo mwalimu wa kukisimamia. Ndugu zetu wa visiwani nao wakilinde chumba hicho kama mali yao, na wawaruhusu mabinti kukitumia sawa na wavulana.

Samaki na ushuru wake huvuka ziwa kuja nchi kavu. Ni haki elimu nayo ivuke kwenda visiwani.