Fedha za Usharika: Nyuma ya Jumla Inayotangazwa Jumapili

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki matangazo ya Jumapili hayakamiliki mpaka mzee wa zamu asome mapato ya juma lililopita, yaani sadaka ya ibada ya kwanza na ya pili, fungu la kumi, shukrani na mchango wa jengo, na mwishoni jumla yake. Utaratibu huo ni mwema kwa kuwa unawafanya waumini wajue kwamba walichotoa kilifika na kikahesabiwa. Hata hivyo jumla hiyo, ambayo ndiyo takwimu pekee ya fedha inayosikiwa na karibu kila mshirika, ndiyo pia inayoeleza machache zaidi kuhusu hali ya kiuchumi ya kanisa lenyewe, kwa sababu inataja kilichoingia bila kutaja ni cha nani, kimeingia kwa kazi gani, na ni madeni mangapi yanayokisubiri mlangoni.

Usharika, au parokia kwa Wakatoliki, si kampuni, na kwa hiyo faida haiwezi kuwa kipimo chake. Ardhi na majengo yake kwa kawaida humilikiwa kwa jina la bodi ya wadhamini, chombo cha kisheria ambacho kwa Tanzania husajiliwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na mali hiyo haiuziki kwa urahisi ili kulipa mshahara wa mwezi. Kanisa la mawe lililoko katikati ya jiji laweza kuwa na thamani ya mabilioni ya shilingi kwenye mizania, yaani taarifa inayoonyesha mali na madeni kwa tarehe moja, ilhali mhazini wake hana fedha za umeme. Anayetaka kujua afya ya fedha za kanisa hana budi kuliweka jengo pembeni na kuanza na fedha taslimu na salio la benki, kisha azigawe.

Mgawanyo wa kwanza, na ulio muhimu kuliko yote, ni kati ya fedha huru na fedha zenye masharti. Fedha huru ni zile ambazo baraza la wazee laweza kuzipangia matumizi yoyote halali ya usharika, kwa mfano sadaka za kawaida za ibada. Fedha zenye masharti ni zile ambazo mtoaji, au tangazo lililomfanya atoe, limekwisha kuzipangia kazi, kama vile mfuko wa ujenzi, mfuko wa wajane na yatima, au mchango wa kununua vyombo vya kwaya. Zote hukaa mara nyingi katika akaunti moja, na hapo ndipo macho hudanganyika.

Mfano wa kubuni wa usharika wa mjini utaonyesha jinsi hali inavyobadilika. Matumizi yake ya kawaida ni shilingi milioni 90 kwa mwaka, sawa na milioni 7.5 kwa mwezi, na tarehe 31 Desemba benki inaonyesha salio la milioni 24. Kwa haraka mtu atasema kwamba usharika huo una akiba ya kuuendesha kwa zaidi ya miezi mitatu. Lakini ndani ya salio hilo milioni 17.5 ni za ujenzi na milioni 2 ni za wajane na yatima, hivyo fedha huru ni milioni 4.5 tu. Katika hizo, fungu la dayosisi la Novemba na Desemba, shilingi 1,600,000, halijapelekwa. Na kwa watumishi wanaolipwa jumla ya milioni 3 kwa mwezi, michango ya hifadhi ya jamii, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara ikijumlishwa sehemu ya mwajiri na ya mwajiriwa, haijawasilishwa kwa miezi mitatu, nayo ni shilingi 1,800,000. Madeni hayo mawili yakiondolewa hubaki shilingi 1,100,000. Usharika unaotumia wastani wa shilingi 250,000 kwa siku hauwezi kumaliza hata siku tano kwa fedha hizo, na hakuna aliyeiba senti.

Wahasibu huita kipimo hicho akiba ya uendeshaji: fedha huru zilizobaki baada ya kutoa madeni ya karibuni, zikagawanywa kwa matumizi ya mwezi mmoja. Wengi hupendekeza akiba ya miezi mitatu hivi, ingawa idadi hiyo ni makadirio ya busara na haina sheria nyuma yake. Kinachotazamwa zaidi ni mwelekeo. Usharika uliokuwa na akiba ya miezi miwili na nusu miaka mitatu iliyopita, ukashuka hadi miezi miwili, kisha mmoja, unaeleza jambo ambalo ripoti ya mwaka mmoja haiwezi kulieleza. Dalili nyingine ya ugonjwa huo huo ni kukopa kutoka mfuko wa ujenzi ili kulipa mishahara, kwa ahadi kwamba fedha zitarudishwa baada ya sikukuu ya mavuno. Mkopo wa namna hiyo usipoandikwa popote husahaulika haraka, na siku mafundi wanapofika kupaua ndipo inapogundulika kwamba mabati yalikwisha kuliwa.

Hesabu ya kanisa la vijijini ina ugumu wake wa pekee, kwa kuwa sadaka hufuata msimu wa mazao. Mtwara na Lindi fedha huonekana wakati wa minada ya korosho, kuanzia mwezi Oktoba, na Kagera na Kilimanjaro kwa miaka mingi zimeishi kwa kahawa, kiasi kwamba bei yake ilipoporomoka duniani baada ya kuvunjika kwa mfumo wa mgao wa mauzo ya kahawa mnamo Julai 1989, pigo hilo halikuishia kwa mkulima bali lilifika hadi kwenye kapu la sadaka. Kulinganisha mapato ya Novemba na ya Aprili katika maeneo kama hayo ni kujisumbua. Ulinganisho wenye maana ni wa Novemba hii na Novemba ya mwaka uliopita, na pamoja nao lazima itazamwe thamani ya shilingi yenyewe. Mfumuko wa bei wa Tanzania ulifikia asilimia 19.8 mwezi Desemba 2011. Usharika ambao sadaka yake ilipanda katika kipindi hicho kutoka milioni 80 hadi milioni 90 ungeweza kumshukuru Mungu kwa ongezeko la asilimia 12.5, na bado ungekuwa na uwezo mdogo wa kununua mafuta ya taa, saruji na sukari kuliko mwaka uliotangulia.

Baada ya kiasi, swali linalofuata ni la watoaji. Makanisa mengi hugawa bahasha zenye namba, na namba hizo ni hazina ya taarifa ambayo mara nyingi hutumika vibaya, ama kwa kusoma majina ya wasiotoa mbele ya watu, ama kwa kutosomwa kabisa. Ikiwa bahasha 500 ziligawiwa na 210 tu zilirudi hata mara moja katika mwaka, na kati ya hizo bahasha 12 zilileta asilimia 40 ya ahadi zote, usharika huo umesimama juu ya kaya kumi na mbili. Mmoja akihamishwa kikazi, wa pili akistaafu na wa tatu akafariki, bajeti nzima hutikisika. Ripoti yenye namba bila majina inatosha kabisa kuonyesha hatari hiyo, na haimwaibishi mtu. Kuenea kwa malipo ya simu kumeongeza ugumu kidogo, kwani mshirika anayetuma sadaka kwa lipa namba asipoandika namba ya bahasha yake huhesabika kama hajatoa.

Mnada wa baada ya ibada unastahili neno lake. Kuku, mkungu wa ndizi au muwa ulioletwa madhabahuni hunadiwa uwanjani, na si ajabu yai moja likanunuliwa kwa shilingi 10,000, mnunuzi akalirudisha linadiwe tena, likaingiza fedha mara tatu kabla halijafika jikoni kwa mtu. Ni furaha ya kweli na ni ibada kwa namna yake. Kwa mhasibu, hata hivyo, kuna tofauti kati ya fedha iliyowekwa mezani na sauti iliyopazwa na mtu aliyeahidi kulipa juma lijalo. Ya kwanza ni mapato. Ya pili ni dai tu, nalo liandikwe kwenye orodha ya wadaiwa na kufuatiliwa. Kanuni hiyo inahusu ahadi za harambee vilevile, na usharika makini hujua ni asilimia ngapi ya ahadi zake za mwaka jana zilizogeuka kuwa fedha, kisha hupanga jengo kwa asilimia hiyo.

Fedha kubwa ya mara moja nayo huharibu picha. Nchini Kenya, ambako wanasiasa wamezoea kufika kwenye harambee za makanisa na mabunda ya noti, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mnamo Novemba 2024 fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa kwa parokia ya Soweto, likaagiza zirudishwe. Sababu zilizotajwa zilikuwa za kimaadili na za kisheria, lakini hata kihesabu uamuzi kama huo una mantiki: zawadi isiyo na uhakika wa kurudi mwakani yapasa kutengwa kabla ya kupima chochote, la sivyo usharika utaajiri watumishi wa kudumu kwa fedha ya siku moja.

Hofu ya kumtegemea mtoaji mmoja ni ya zamani katika makanisa ya Afrika. Tangu karne ya 19 Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani walifundisha kwamba kanisa lililokomaa hujiongoza, hujieneza na kujitegemea kifedha. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alikwenda mbali zaidi, alipotaka akiwa Milwaukee, Marekani, kwamba wamishonari na fedha zao wasimamishwe kwa muda usiopungua miaka mitano ili makanisa ya Afrika yajitambue. Na mwaka 1974 hoja yake ilipata nguvu katika mkutano wa Baraza la Makanisa Yote ya Afrika uliofanyika Lusaka. Usitishaji huo haukutekelezwa kwa ukamilifu, lakini umeacha kipimo rahisi ambacho dayosisi yoyote yaweza kukitumia leo: ni sehemu gani ya matumizi ya kawaida, tukiondoa miradi, inalipwa na washirika wenyewe?

Takwimu zote hizi hazina thamani ikiwa zimejengwa juu ya hesabu zisizoaminika, na uaminifu huo huanzia kwenye meza ya sakristia. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja, iandikwe kwa wino, isainiwe, na ipelekwe benki nzima bila kukatwa posho ya kwaya njiani. Mtume Paulo mwenyewe, alipopeleka mchango wa makanisa kwa watakatifu wa Yerusalemu, aliambatana na watu waliochaguliwa na makanisa hayo ili pasiwe na wa kumlaumu. Kila mwezi mhazini hufanya usuluhisho wa kibenki, yaani kulinganisha daftari lake na taarifa ya benki na kueleza kila tofauti, na kila mwaka mkaguzi asiye mjumbe wa kamati ya fedha hutoa hati yake. Waumini wengi husikia maneno hati yenye shaka katika habari za halmashauri za wilaya. Maana yake kanisani ni ile ile, kwamba yapo maeneo ambayo mkaguzi hakuridhika nayo, na mkutano mkuu una haki ya kuyasikia moja baada ya jingine. Kwa Wakatoliki jambo hili limeandikwa: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza, katika kanuni ya 537, kila parokia iwe na baraza la uchumi, na katika kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waumini kuhusu mali walizozitoa.

Limebaki jambo ambalo wakaguzi hulipitia haraka, nalo ni kanisa lenye fedha nyingi mno. Usharika wenye akiba huru ya miezi thelathini, huku mwinjilisti wa mtaa wa mbali akilipwa posho isiyotosha nauli na paa la shule ya chekechea likivuja, hauna afya njema zaidi ya ule wenye akiba ya miezi mitatu, ijapokuwa uwiano wake unapendeza kwenye karatasi. Sehemu ya mishahara katika matumizi nayo husomeka kwa pande mbili: asilimia 70 huacha kidogo mno kwa huduma, na asilimia 15 huenda inamaanisha kwamba watumishi wanakaa kwa uvumilivu tu. Kwa sababu hiyo baadhi ya mabaraza hupitisha kiwango cha chini na cha juu cha akiba kwa wakati mmoja, na kuandika kwenye muhtasari wa kikao, kabla fedha haijaingia, kinachozidi kiwango cha juu kitakwenda wapi.